Hedifoni za waya za bei nafuu zinazokaa juu ya sikio: ipi uchukue?

Hedifoni ya waya haichajiwi, haicheleweshi sauti unapotazama video, na kwenye simu nyingi zenye redio ya FM waya wake ndio antena: ukiuchomoa, redio haishiki stesheni. Hapa tunalinganisha zile zinazokaa juu ya sikio, yaani pedi inalalia sikio lenyewe badala ya kulizunguka, na ambazo bei yake ya kutangazwa Marekani haizidi dola 100. Tano zinatosha kuonyesha tofauti zote za maana: Sony MDR-ZX110, JBL Tune 500, Koss KPH30i, Koss Porta Pro na Grado SR60x. Ya sita, Koss KSC75, haina upinde wa kichwani kabisa, kwa hiyo tutaileta pale inapofaa.

Ushauri wetu tunautanguliza. Usianze na chapa, wala na maneno ya besi kubwa yaliyoandikwa kwenye boksi. Anza na maswali mawili: unasikilizia wapi, na kichwani unavaa nini? Majibu ya hayo mawili huondoa hedifoni tatu kati ya tano kabla hujasikiliza hata wimbo mmoja.

| Hedifoni | Aina | Ukinzani (inavyouzuia umeme) | Maiki | Bei ya kutangazwa Marekani |
|---|---|---|---|---|
| Sony MDR-ZX110 | imefungwa | omu 24 | hakuna (ZX110AP inayo) | dola 20 hivi |
| JBL Tune 500 | imefungwa | omu 32 | ipo | dola 30 hivi |
| Koss KPH30i | wazi | omu 60 | ipo | dola 30 hivi |
| Koss Porta Pro | wazi | omu 60 | hakuna kwenye toleo la kawaida | dola 50 hivi |
| Grado SR60x | wazi | omu 38 | hakuna | dola 100 hivi |

Bei hizo ni za huko. Ukiongeza usafiri na ushuru, ya dola 20 inaweza kukufikia kwa bei ya ile ya dola 30, kwa hiyo linganisha bei ya mwisho mkononi. Sony na JBL hupatikana kirahisi katika maduka ya vifaa vya simu Afrika Mashariki. Koss na Grado mara nyingi utaagiza mtandaoni au utamtuma ndugu aliye nje. Na ile waranti ya maisha inayosifiwa kwa Koss huhudumiwa Marekani, hivyo mtu wa Mombasa au Mwanza asiihesabu katika bei.

Wazi au iliyofungwa

Hili ndilo la kuamua kwanza. Hedifoni iliyofungwa ina ganda zima nyuma ya spika. Sauti haitoki sana nje, na kelele za nje hupungua kiasi. Iliyo wazi ina matundu nyuma, hewa inapita, kwa hiyo sauti husikika pana na isiyobana, kama inatoka mbele yako badala ya katikati ya fuvu. Gharama yake ni kwamba aliyekaa karibu nawe anasikia unachosikiliza, na wewe unasikia kila kitu kinachoendelea chumbani.

Kwa hiyo Porta Pro, KPH30i na Grado ni za nyumbani, za ofisi ambayo uko peke yako, au za kutembea mahali ambapo ni lazima usikie pikipiki inayokuja nyuma. Chumba cha bweni chenye watu wanne wanaojisomea si mahali pake. Grado ndiyo inayovujisha kuliko zote. Kwa sauti ya wastani tu, mtu aliye upande wa pili wa meza atautambua wimbo.

ZX110 na Tune 500 zinafaa zaidi palipo na watu, lakini usizitarajie zikufungie kelele za daladala au matatu. Pedi ndogo inayolalia sikio haizibi kama kombe kubwa linalozunguka sikio zima. Inapunguza sauti za juu, kama mazungumzo na breki zinazolia. Mngurumo wa injini, ambao uko chini, unapita karibu wote. Matokeo yake mtu anapandisha sauti ili muziki uushinde mngurumo, na hapo ndipo masikio yanapoumia bila mwenyewe kujua. Kiwango cha usikilizaji salama cha WHO (Shirika la Afya Duniani) na ITU (shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa), kinachoitwa H.870 na kilichotoka mwaka 2018, kinampa mtu mzima desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda unapungua kwa nusu: desibeli 83 ni saa 20, desibeli 89 ni saa 5 tu kwa wiki nzima. Anayesafiri saa mbili kwa siku huku amepandisha sauti kushinda injini anaweza kumaliza fungu lake la wiki kabla ya Jumatano.

Ndiyo maana tunasema wazi, ingawa inaondoa mteja kwenye mada yetu: kama sehemu kubwa ya usikilizaji wako ni ndani ya basi, usinunue hedifoni ya juu ya sikio. Nunua ya kuingiza sikioni yenye mpira unaoziba vizuri. Kwa bei hiyo hiyo itakukinga na kelele zaidi kuliko hizi zote tano, na utasikiliza kwa sauti ndogo.

Sauti yenyewe

Sony ZX110 ina besi iliyojaa, lakini imejaa mahali pasipofaa, karibu na hezi 100 hadi 250 (hezi chache ni sauti nzito, nyingi ni sauti nyembamba), ambapo besi inaanza kumezana na sauti nzito za waimbaji. Mwanamume anayeimba chini anasikika kama amesimama nyuma ya pazia. Kwa Bongo Flava ya kawaida, habari na mahubiri inatosha kabisa. Dawa yake ni ekwalaiza ya simu, yaani mipangilio ya kupandisha na kushusha sehemu za sauti: shusha eneo la hezi 200 kwa desibeli 3 au 4, usiguse kingine. Waimbaji wanasogea mbele mara moja. Kwa bei yake, baada ya marekebisho hayo, hatuna ugomvi nayo.

JBL Tune 500 ndiyo yenye besi nzito kuliko zote, na imetengenezwa hivyo kwa makusudi. Anayesikiliza amapiano atafurahi, kwa sababu ile ngoma ya besi inashuka chini ya hezi 60, na kati ya hizi tano ni zile mbili zilizofungwa zinazoweza kuitoa kwa nguvu, mradi pedi zimekaa vizuri sikioni. Singeli nayo inapiga. Lakini mpigie mtu taarab kwa Tune 500 na utaona kasoro: kanuni na fidla zinarudi nyuma, kodiani inakuwa nzito, na yale maneno ya mwimbaji ambayo ndiyo roho ya taarab yanapoteza makali.

Koss KPH30i ndiyo tunayoipendekeza kwa watu wengi wanaosikiliza nyumbani. Sauti za kati, ambapo waimbaji, magitaa na vinanda wanaishi, ziko mbele na ziko safi. Besi ipo, ina joto, ila haishuki hadi kule chini kabisa. Kwa kwaya, kaswida, taarab na muziki wa dansi hakuna hedifoni ya dola 30 hapa inayoikaribia. Porta Pro, ambayo Koss waliitoa mwaka 1984 na umbo lake limebaki karibu lile lile hadi leo, ina besi zaidi kidogo na sauti za juu zilizotulia. Haichoshi hata baada ya saa mbili. Tofauti ya sauti kati ya hizi mbili si kubwa kiasi cha kuhalalisha dola 20 za nyongeza. Anayelipia Porta Pro analipia jinsi inavyokaa kichwani, na hilo tutalifikia.

Grado SR60x, inayotoka Brooklyn, New York, ina tabia yake. Sauti za juu zinang'aa, magitaa yana ncha, ngoma ndogo zinapasuka. Mpenzi wa rumba ya Kongo anayetaka kutenganisha gitaa la solo, la mi-solo na la ridhimu sebene inapochanganya atalipata hilo hapa kuliko kwingine. Rekodi za zamani za dansi hazina besi ya chini kabisa, kwa hiyo udhaifu wa Grado katika hezi 50 kushuka hauonekani. Tatizo liko upande wa pili: wimbo wa siku hizi uliorekodiwa kwa ukali, wenye herufi "s" zinazochoma, utachoma zaidi. Shusha eneo la kilohezi 2 na la 8 kwa desibeli 2 au 3 kama unachoka haraka.

Kwa wenye Android ipo programu ya Wavelet, yenye marekebisho yaliyokwisha kupimwa kwa hedifoni nyingi, zikiwemo Koss hizi. Unachagua jina la hedifoni yako kwenye orodha na kazi imekwisha. Kanuni moja ya kushika kwa ekwalaiza yoyote: shusha kilichozidi badala ya kupandisha kilichopungua. Ukipandisha besi desibeli 6 kwenye spika ndogo, simu inakwaruza sauti kabla hata spika haijachoka.

Simu itaziweza?

Wauzaji wengine husema hedifoni ya omu 60 haifai kwa simu bila kikuza sauti. Si kweli kwa hizi, na hesabu yake ni fupi. Chukua simu au adapta dhaifu inayotoa nusu volti. Nguvu ni volti mara volti, gawa kwa ukinzani. Kwa Porta Pro yenye omu 60 unapata miliwati 4.2. Kwa ZX110 yenye omu 24 unapata miliwati 10.4. Ukitazama hapo tu utadhani Sony itakuwa na sauti kubwa zaidi ya mara mbili. Lakini Porta Pro hutoa desibeli 101 kwa kila miliwati moja, na ZX110 hutoa 98. Ukimaliza hesabu, Porta Pro inafika desibeli 107 na ZX110 desibeli 108. Grado, yenye omu 38 na desibeli 99.8 kwa miliwati, nayo inafika 108. Tofauti hiyo sikio halitaisikia, na zote zimeshapita kiwango ambacho mtu anapaswa kusikiliza. Hakuna unachohitaji kununua zaidi.

Kichwani unavaa nini

Hapa ndipo wanunuzi wengi hukosea, kwa sababu dukani hedifoni huvaliwa dakika moja na shida hujitokeza baada ya dakika arobaini. Pedi inaligandamiza sikio kwenye fuvu. Ukivaa miwani, mkono wa miwani unabanwa kati ya sikio na kichwa, na maumivu yanaanzia pale nyuma. Ukivaa hereni kubwa, pedi inazikandamiza shingoni. Hedifoni zilizofungwa zinahitaji kubana zaidi ili pedi izibe, la sivyo besi inavuja. Kwa hiyo Tune 500 na ZX110 huumiza mapema kuliko Koss. Kati ya hizo mbili, ZX110 ni nyepesi na inabana kwa upole kidogo zaidi.

Porta Pro ndiyo iliyotatua jambo hili vizuri zaidi. Juu ya kila sikio ina kipedi cha pili kinachoegemea panja, na swichi yenye nafasi tatu inayohamisha mgandamizo kutoka sikioni kwenda kwenye panja. Mwenye miwani aiweke kwenye nafasi laini kabisa. Ila ina kasoro moja ya kweli: upinde wake ni bati jembamba la chuma linaloteleza ndani ya jingine, na nywele hunaswa hapo. Mwenye nywele ndefu au aliyesuka rasta nyembamba atang'olewa nywele kila anapoivua kwa haraka. KPH30i ina upinde wa plastiki usionasa, na kwa watu hao tunaona ndiyo bora ingawa ni ya bei ndogo.

Kwa wanaovaa ushungi au hijabu, jambo linabadilika tena. Ukivaa hedifoni juu ya kitambaa, sauti za juu zinamezwa na nguo, na pedi haizibi, kwa hiyo besi nayo inatoroka. Tabaka moja la pamba nyepesi linavumilika kwa hedifoni ya wazi, kwa sababu yenyewe haitegemei kuziba. Matabaka mawili au matatu hayavumiliki kwa yoyote. Njia mbili hufanya kazi: kuvaa Porta Pro chini ya ushungi, au kuchukua KSC75 ya dola 20 hivi, ambayo kila upande unaning'inia sikioni kwa ndoana yake, bila upinde. Ya pili ni rahisi zaidi. Spika yake ni ya omu 60 kama ndugu zake, na sauti yake inang'aa kuliko Porta Pro. Ndoana ikiwa imelegea, ikunje ndani taratibu kwa vidole viwili hadi sponji iguse sikio, kwa maana ikikaa hata milimita tatu mbali, besi yote inapotea.

Hedifoni mpya inayobana sana unaweza kuilegeza: ipanue kwenye mrundo wa vitabu wenye upana kidogo kuliko kichwa chako, iache usiku mmoja, pima, rudia. Kwa upinde wa plastiki usizidishe sentimita mbili juu ya upana wa kichwa. Plastiki ya bei hii haitoi onyo kabla ya kuvunjika.

Kuhusu kukunja, tupite haraka. ZX110 na Tune 500 hukunjika, Porta Pro inajikunja hadi kutosha mfuko wa koti, Grado haikunjiki na waya wake mnene haupendi mikoba.

Tundu, pini na adapta

Angalia simu yako kabla ya kuangalia hedifoni. iPhone hazina tundu la milimita 3.5 tangu iPhone 7 ya mwaka 2016, na Samsung kama Galaxy A54 hazina pia. Simu nyingi za bei ya chini za Tecno, Infinix na itel bado zinalo. Kama simu yako ina Type-C pekee, utahitaji adapta, na adapta ziko za aina mbili zinazofanana kwa sura. Moja ina kichipu kidogo ndani kinachobadilisha data kuwa sauti. Nyingine ni waya tu unaopitisha, na hufanya kazi kwa simu chache zilizotengenezwa kwa ajili hiyo. Ukichomeka ya waya tu kwenye simu isiyohusika, utaona ujumbe kuwa kifaa hakitambuliki, au kimya kabisa. Muulize muuzaji kama ina DAC, yaani kichipu hicho, na uijaribu palepale kwa simu yako mwenyewe. Adapta ya Apple ya Type-C ina kichipu kizuri na ni ya bei ndogo, lakini kwenye simu nyingi za Android hutoa sauti hafifu kuliko inavyopaswa.

Pini nayo isome. Yenye pete mbili nyeusi ni ya sauti tu, yenye tatu ina maiki. Mpangilio wa kisasa wa pini ya maiki, kuanzia nchani, ni kushoto, kulia, waya wa pamoja (unaorudisha umeme wa pande zote), kisha maiki. Baadhi ya simu za zamani ziligeuza hizo mbili za mwisho, na ukichomeka hedifoni ya leo kwenye simu hiyo unasikia jambo la ajabu: ala zipo, mwangwi upo, mwimbaji hayupo. Sababu ni kwamba waya wa pamoja haukugusa mahali pake, kwa hiyo spika mbili zinacheza tofauti kati ya kushoto na kulia, na chochote kilichorekodiwa katikati kinajifuta. Dalili hiyo hiyo hutokea pini ikiwa haijaingia yote, au waya wa pamoja ukiwa umekatika. Ikumbuke. Itakuokoa kumlipa fundi kwa spika ambayo haijafa.

Kupima dukani, na kuitambua feki

Nenda na simu yako yenye wimbo mmoja unaoujua vizuri, uliopakuliwa kabisa. Kabla ya yote, ingia kwenye mipangilio ya ufikivu ya simu uhakikishe sauti ya mono (inayochanganya kushoto na kulia kuwa moja) imezimwa na kitelezi cha kushoto na kulia kiko katikati. Watu wengi wamerudisha hedifoni nzima kwa sababu ya kitelezi hicho. Weka sauti nusu. Sikiliza kama mwimbaji yuko katikati ya kichwa: akivutwa upande mmoja, spika hazilingani. Kisha, wimbo ukiendelea, pindisha waya taratibu pale unapotoka kwenye pini, halafu pale unapoingia kwenye kila kombe. Sauti ikikatika hata mara moja, iache. Mwisho gandamiza makombe yote mawili kwa viganja. Besi ikiongezeka sana, ina maana hedifoni hiyo haikai vizuri kwa umbo la sikio lako, na nyumbani haitabadilika.

Feki za JBL na Sony zimejaa, kuanzia Kariakoo ya Dar es Salaam hadi Luthuli Avenue ya Nairobi, na Porta Pro nayo huigizwa mtandaoni. Maandishi yaliyofifia na boksi lenye tahajia mbovu ni dalili, lakini waigaji wameboresha boksi. Kipimo wasichokihangaikia ni ukinzani. Mwombe fundi wa jirani multimita, yaani kipimo cha umeme, iweke kwenye omu, gusisha ncha ya pini na sehemu ya waya wa pamoja. Kwa pini isiyo na maiki, hiyo ni shina la pini. Yenye maiki, ni sehemu ya chuma ya tatu, ukihesabu ncha kama ya kwanza. Porta Pro halisi itasoma karibu na 60, ZX110 karibu na 24. Kupungua au kuzidi kidogo ni kawaida. "Porta Pro" inayosoma 32 si Porta Pro, hata ingekuwa na boksi la dhahabu.

Kinachokufa kwanza

Spika za hedifoni hizi hudumu miaka. Kinachokufa ni waya, na hukatika karibu kila mara katika sentimita tatu za kwanza kutoka kwenye pini, kwa sababu simu hukaa mfukoni na kila ukikaa waya unakunjwa palepale. Koss wana toleo la Porta Pro liitwalo Utility lenye waya unaochomoka. Hizo tano za kwenye jedwali waya wake haubadilishwi bila kulehemu. Kazi yenyewe si ngumu:

1. Nunua pini tupu ya milimita 3.5 yenye kifuniko cha kufunga kwa kuzungusha. Ya pete mbili inatosha kama huhitaji maiki.
2. Kata waya sentimita 4 juu ya pini ya zamani. Kifuniko cha pini mpya na bomba la plastiki la kusinyaa viingize kwenye waya sasa hivi. Mafundi wengi hukumbuka kifuniko baada ya kulehemu, wakaanza upya.
3. Menya sentimita 1.5. Ndani utakuta nyuzi nyembamba zenye rangi: nyekundu ni kulia, kijani au buluu ni kushoto, ya rangi ya shaba ni ya pamoja. Zikiwa mbili za shaba, zisokote pamoja.
4. Rangi hiyo ni vanishi inayozuia umeme. Usipoiondoa, risasi itashika lakini sauti haitapita, na hili ndilo kosa linaloharibu kazi nyingi. Ichome kwa nyuzi joto 350 hadi 400 za chuma cha kulehemu chenye risasi mbichi nchani, hadi uone inatoa povu na uzi unang'aa.
5. Chomeka pini mpya kwenye tundu la kifaa kibovu ili isipinde kwa joto. Lehemu kila uzi kwa chini ya sekunde 3: wa kushoto nchani, wa kulia katikati, wa pamoja kwenye shina. Ukichelewa, plastiki ya ndani inayeyuka na sehemu zinagusana.
6. Pima kabla ya kufunga. Ncha na shina zisome ukinzani wa hedifoni yako, ncha na sehemu ya chuma ya katikati zisome karibu mara mbili yake. Sifuri maana yake nyuzi zinagusana, na mita isiposoma kitu maana yake vanishi haijaungua.

Cha pili kufa ni pedi. Ngozi bandia ya ZX110 na Tune 500 haipendi joto na unyevu wa pwani. Jasho likiingia, uso wake unabanduka vipande vyeusi vinavyobaki masikioni. Ipanguse kwa kitambaa kikavu kila baada ya kuitumia, wala usiiache kwenye dashibodi ya gari. Pedi mpya zinauzwa mtandaoni kwa kipenyo, kwa hiyo pima kwa rula ukingo hadi ukingo kabla ya kuagiza.

Sponji za Koss na Grado nazo huchoka, lakini unazifua: vua, kamua ndani ya maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo, suuza, ziache kivulini hadi zikauke kabisa, kwa kawaida siku nzima. Kuirudisha sponji ya Porta Pro, ingiza upande mmoja chini ya mdomo wa plastiki, shikilia kwa dole gumba, kisha zungusha kidole kingine pembezoni hadi ijae. Ukinunua mbadala, chukua yenye unene ule ule wa asili. Nene zaidi huisogeza spika mbali na sikio na kupunguza besi, na ile ya ngozi bandia huongeza besi na kuifunika sauti ya kati uliyoinunulia hedifoni ya wazi.